Kitabu cha mwongozo cha 2017 na safari ya Istanbul: kibebwe au kibaki Tanga?

Swali:

"Assalaam alaykum mtaalamu. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Tanga, nakaribia kustaafu. Mwezi wa Desemba, Mungu akipenda, nasafiri na mama watoto kwenda Uturuki: siku sita Istanbul, siku tatu Konya. Ni safari yetu ya kwanza nje ya Afrika Mashariki na hatuendi na kikundi, tumeamua kwenda wenyewe. Rafiki yangu anayefanya kazi kwenye hoteli ya ufukweni huko Pangani amenipa kitabu cha mwongozo cha Uturuki, cha Kiingereza, kilichoachwa na mgeni. Kimechapwa 2017. Nimeanza kukisoma na nimekipenda, lakini kijana wangu ananicheka. Anasema vitabu hivyo vimekufa, kila kitu kiko kwenye simu. Simu naitumia lakini siiamini: chaji inaisha, bando linaisha, na macho yangu hayawezi maandishi madogo. Mke wangu anatumia dawa za presha. Je, nibebe hiki cha zamani, niagize kipya ambacho nimeambiwa kitanifikia kwa karibu laki moja, au nimsikilize kijana? Yeye mwenyewe anajiandaa kwenda Guangzhou mwakani kutafuta mzigo."

Jibu:

Wa alaykum salaam, Mwalimu. Nimefurahi kwamba mnakwenda, na nimefurahi zaidi kwamba mnakwenda wenyewe. Swali lako umelifunga kwenye kitabu, lakini nikilisoma vizuri naona wasiwasi uko mahali pengine. Unajiuliza: nikifika mji wenye watu milioni kumi na tano, lugha siijui, baridi inauma, mke wangu ananitegemea, na simu ikazima, nitashika nini? Ni swali la haki kabisa, wala halimfanyi mtu kuwa wa kizamani.

Jibu langu nalitanguliza, sababu zitafuata. Kwa safari hii usiagize kitabu kipya. Hicho cha 2017 kisome chote, hapa hapa Tanga, kuanzia sasa. Utakapoondoka kiache nyumbani, na mkononi uwe na karatasi chache ulizoziandaa kutoka humo, daftari dogo, na simu iliyoandaliwa ipasavyo. Kijana wako ana haki nusu na wewe una haki nusu.

Tuanze na namna vitabu hivi vinavyotengenezwa, maana hapo ndipo mnapopishana. Mchapishaji hutuma mwandishi, au waandishi kadhaa waliogawana mikoa, wakazunguka nchi kwa wiki au miezi. Wanakagua hoteli, wanakula, wanapanda mabasi, wanaandika bei. Wakirudi, maandishi yanapita kwa mhariri, ramani zinarekebishwa, kurasa zinapangwa, kitabu kinapigwa chapa, kinasafirishwa, kinafika dukani. Mara nyingi mwaka mzima au zaidi hupita kati ya siku mwandishi alipouliza bei ya chumba na siku msomaji anapoisoma bei hiyo. Kisha kitabu hukaa sokoni miaka miwili, mitatu, hata minne kabla ya toleo jingine. Kwa hiyo hata kitabu kinachoitwa kipya kina habari zilizokwisha kaa, na hicho chako kimebeba zaidi Uturuki ya 2016. Siku ukinunua kingine, usitazame jalada. Fungua ukurasa ulio nyuma ya jina la kitabu, uone ni toleo la mwaka gani. Kuna vitabu vinavyopigwa chapa tena bila kuguswa hata mstari mmoja, na jalada linang'aa kama la jana.

Sasa, hapa ndipo ninapotofautiana na kijana. Kitabu hakifi chote siku moja. Kila ukurasa una umri wake.

Ukitaka kuliona hili kwa macho yako, muombe rafiki yako wa Pangani akutafutie, kwenye rafu ya vitabu vilivyoachwa na wageni, kitabu cha mwongozo cha Tanzania cha miaka hiyo hiyo. Fungua kurasa za Tanga. Utakuta mapango ya Amboni yameelezwa sawasawa, na magofu ya Tongoni, msikiti wake na makaburi yake, yako pale pale kwenye barabara ya Pangani. Ngamiani na barabara zake za namba, hakuna kilichobadilika. Sasa tafuta namna ya kuja Tanga kutoka Dar es Salaam. Kitakupeleka Ubungo. Wewe na mimi tunajua kwamba stendi kuu ya mabasi ya mikoani ilihamia Mbezi Luis mwaka 2021. Tafuta usafiri wa Dodoma: treni ya umeme haimo, kwa sababu ilianza kubeba abiria 2024. Mwandishi hakudanganya popote. Aliyoyaona aliyaandika, na nchi ikaendelea na safari yake.

Jaribio hili la kusoma kitabu kinachohusu kwenu nakusihi ulifanye hata kama hutaki kukinunua. Litakufundisha mambo mawili. La kwanza ni hilo la umri wa kurasa. La pili ni kwamba utashangaa Tanga imepewa kurasa chache kiasi gani, huku Zanzibar na Serengeti zikimwagiwa wino. Siyo kwamba Tanga haina kitu. Kitabu kinafuata wasomaji wake wanakokwenda, na wasomaji wake wengi huku kwetu hawafiki. Ukishaliona hilo, geuza uangalie Konya kwenye kitabu chako cha Uturuki. Sitashangaa ukikuta imeelezwa kwa haraka, kwa sababu watalii wa Ulaya wengi hukimbilia pwani ya kusini na miamba ya Kapadokia. Kwako wewe Konya ndiyo nusu ya nia ya safari. Usipime umuhimu wa mahali kwa idadi ya kurasa.

Pwani yetu yenyewe ina ushahidi mkongwe wa jambo hili. Katika karne ya kwanza baada ya Kristo, mfanyabiashara mmoja wa Misri aliyeandika Kigiriki alitunga mwongozo wa bandari unaojulikana kwa jina la Periplus ya Bahari ya Eritrea. Aliandika kila bandari inauza nini, inanunua nini, na ni majira gani ya kutweka tanga kuja huku. Ametaja mji wa Rhapta, soko la mwisho la pwani hii, ambako watu walinunua pembe za ndovu na magamba ya kasa. Leo wataalamu bado wanabishana Rhapta ilikuwa wapi: wako wanaoitafuta upande wetu wa Pangani, wako wanaoitafuta kwenye delta ya Rufiji. Mji umepotea na bidhaa zimebadilika. Pepo za msimu zilizowaleta wale mabaharia, kusi na kaskazi, kila nahodha wa jahazi hapa anazijua mpaka leo.

Basi tukifungue kitabu chako kwa jicho hilo hilo.

Bei zote za lira zipige mstari. Mwaka 2017 dola moja ilikuwa lira tatu na nusu hivi, na mwishoni mwa 2024 ilikuwa lira 35. Hakuna hesabu ya kukuokoa hapo, kwa sababu bei nazo zilipanda kwa mwendo wake. Kinachobaki na faida ni madaraja: hoteli iliyoitwa ya bei nafuu huenda bado ni ya nafuu ukiilinganisha na jirani zake, ikiwa ingali wazi.

Uwanja wa ndege nao upige mstari. Kitabu kitakuambia utatua uwanja wa Atatürk, kisha kikueleze treni ya kukuingiza mjini. Ndege za abiria zilihama pale Aprili 2019. Uwanja mpya uko mbali zaidi, upande wa Bahari Nyeusi, na reli ya chini ya ardhi ilianza kuufikia 2023. Mtu akifuata maelezo ya kitabu chako usiku wa kwanza, amechoka na mkewe amechoka, atapata shida ambayo haikuwa na sababu. Vivyo hivyo treni ya kasi ya Konya. Enzi za kitabu chako ilianzia Pendik, nje ya katikati ya mji upande wa Asia. Tangu 2019 reli imeunganishwa na treni zinaingia ndani zaidi. Kituo na saa vitazame upya kwenye tovuti ya shirika la reli la huko, na tiketi usiiache mpaka siku ya mwisho.

Kisha Ayasofya. Hapa kitabu kimepitwa kwa jambo kubwa. Jengo lilikamilika kama kanisa mwaka 537, likawa msikiti 1453, likawa makumbusho katika miaka ya 1930, na Julai 2020 likarudi kuwa msikiti. Kitabu chako kinakuelekeza kununua tiketi ya makumbusho. Siku hizi wanaokwenda kusali wana njia yao na hawalipi, na tangu Januari 2024 mtalii wa kigeni anayetaka kuzuru ghorofa ya juu analipa euro 25. Wewe na mama watoto mnaweza kuchagua kusali, au kuzuru, au yote mawili. Chaguo hilo mwandishi wa 2017 asingeweza kukupa.

Orodha ya yaliyokufa ni hiyo, na ni nzito. Lakini sikiliza na ya upande wa pili.

Istanbul ni mji unaomchanganya mgeni kwa sababu umekaa juu ya maji matatu. Kuna Bosphorus inayotenganisha Ulaya na Asia, kuna ghuba nyembamba ya Haliç inayoukata upande wa Ulaya vipande viwili, na kuna bahari ya Marmara kusini. Mji mkongwe, penye jumba la masultani la Topkapı, Ayasofya na msikiti wa Sultan Ahmet, uko kwenye ncha ya nchi kavu kati ya Haliç na Marmara. Ukiliweka hilo kichwani, kila utakapopanda kivuko utajua uko wapi na unaelekea wapi. Simu haikupi jambo hili. Inakuonyesha nukta ya buluu na mtaa uliosimama, inakuambia pinda kulia, nawe unapinda, na jioni umetembea mji mzima bila kuujua. Kitabu kilichoandikwa vizuri kinakusimulia mji kabla hujafika: kwa nini masultani walijenga pale, mitaa ipi ilikuwa ya wafanyabiashara wa Galata, msikiti wa Süleymaniye uliomalizika 1557 ulimhusu nani na Sinan aliyeujenga alikuwa mtu gani. Mwalimu kama wewe anajua tofauti ya mwanafunzi aliyesoma sura nzima na yule aliyetafuta jibu la swali la tatu peke yake. Kwa kazi hii kitabu chako cha 2017 hakijapungua thamani hata senti.

Tabia ya nchi nayo haizeeki haraka. Sura ya hali ya hewa, ambayo watu huiruka, wewe isome mara mbili. Istanbul mwezi wa Desemba ni mvua na upepo wa baridi. Konya iko juu kiasi cha mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, usiku joto hushuka chini ya sifuri, na theluji si ajabu. Sweta la Lushoto halitatosha. Nunueni makoti mazito na viatu visivyopitisha maji. Jambo jingine: Uturuki ina saa zile zile kama zetu mwaka mzima tangu 2016, kwa hiyo hutarekebisha saa yako, lakini jua la Desemba Istanbul huchomoza saa mbili na robo hivi asubuhi, na huzama saa kumi na moja na nusu hivi jioni. Sala ya alfajiri inakaribia saa moja. Mchana ni mfupi kuliko mlivyozoea, na ratiba ya mtu anayedhani ana saa kumi na mbili za mwanga itamvunja moyo.

Siku za kufungwa pia hudumu kuliko bei. Kwa miaka mingi Topkapı hufungwa Jumanne na lile soko kubwa la kuezekwa hufungwa Jumapili. Thibitisha, lakini panga kwa kuanzia hapo.

Na utapeli. Mbinu za matapeli wa maeneo ya watalii zinarithiwa kama ufundi. Kitabu chochote kizuri cha Istanbul kitakuambia habari ya mng'arisha viatu anayepita mbele yako na kuangusha brashi kana kwamba hajui. Ukimuokotea, anakushukuru kwa kukusafishia kiatu, kisha anadai pesa nyingi. Kitakuambia pia habari ya kijana mchangamfu anayezungumza Kiingereza safi, anayekualika kinywaji mahali usipopajua, na bili ikija inakutoa jasho. Watu hawa walikuwepo 2017 na wapo leo. Kurasa hizo msome pamoja na mkeo.

Kuna jambo ambalo halitokani na umri wa kitabu, na kununua kipya hakutalitibu. Kitabu hicho hakikuandikwa kwa ajili yako. Kimeandikwa kwa msomaji mwenye pasipoti ya Uingereza, Marekani au Australia. Sura ya viza inamhusu yeye, kwa hiyo usiisome kabisa, itakupa matumaini ya uongo au hofu ya bure. Orodha ya balozi itakuwa na za kwao. Ubalozi wa Tanzania uko Ankara, si Istanbul, na namba yake ya simu uiandike kwa mkono kwenye daftari lako, pamoja na 112, ambayo ndiyo namba ya dharura huko kwa polisi, zimamoto na gari la wagonjwa. Kitabu kitazungumzia kubadilisha pauni. Usitegemee duka la fedha la Istanbul kuipokea shilingi yetu, basi badilisha kwa dola au euro kabla hujaondoka, noti safi zisizochanika. Misikiti kitakueleza kama majengo ya kutazama, kwa maelekezo ya mtu asiyejua kutawadha. Na kuna suala ambalo vitabu vingi vinalipita kimya: Mwafrika anayeingia nchi ya watu huulizwa maswali mengi zaidi kwenye dirisha la uhamiaji. Sikuambii hivyo kukutia hofu. Nakuambia ili ubebe karatasi zote zimechapwa na ziko mkononi: tiketi ya kurudi, uthibitisho wa hoteli zote mbili, bima ya safari, na ushahidi wa kazi yako. Afisa anayekuuliza utarudi lini hataki kukusubiri utafute kwenye simu.

Tuje kwenye simu, maana na wewe una dhana za kurekebisha.

Umesema bando likiisha umepotea. Sivyo. Kipokezi cha setilaiti kilichomo ndani ya simu hakitumii bando wala laini. Kinapokea mawimbi kutoka angani bure, na bando linahitajika kwa kuleta picha ya ramani tu. Ukipakua ramani ya Istanbul na ya Konya ukiwa hapa Tanga kwenye intaneti ya uhakika, simu itakuonyesha ulipo hata ikiwa haina laini yoyote. Mwambie kijana akufanyie, kisha uzime data mbele yake, mzunguke Chumbageni hadi Raskazone na ramani ya Tanga mliyoipakua, mpaka uamini mwenyewe. Fanya vivyo hivyo na programu ya kutafsiri: Kituruki kipakuliwe mapema. Maandishi ya simu yanaweza kuongezwa ukubwa kwenye mipangilio. Chaji ni hoja ya kweli, kwa sababu baridi huimaliza betri upesi, kwa hiyo nunua pawabenki nzuri na uiweke kwenye begi la mkononi. Haziruhusiwi kwenye mizigo inayokwenda tumboni mwa ndege.

Dhana ya kijana nayo ni kwamba habari ya simu, kwa kuwa ni mpya, ndiyo ya kweli. Upya na ukweli ni vitu viwili. Maoni ya wateja kwenye mitandao mengine yameandikwa na ndugu wa mwenye hoteli, mengine na mshindani wake, na tovuti nyingi hupandisha juu aliyelipia tangazo. Mwandishi wa kitabu angalau anajulikana kwa jina na mhariri anamuuliza. Lakini usije ukamfanya mwandishi malaika. Mtu mmoja hawezi kulala kwenye hoteli zote anazozisifu, nyingi huzitazama kwa dakika chache. Na mgahawa mdogo uliosifiwa mwaka mmoja hujaa wageni wenye kitabu kilekile, bei ikapanda, wenyeji wakahama. Kwa vyakula na malazi mimi husikiliza zaidi maoni ya miezi ya karibuni, nikisoma yale ya kati, si ya sifa tupu wala ya matusi. Kwa kujua nchi ni ya namna gani, nasoma kitabu.

Kwa nini basi nasema usiagize kipya? Mnakwenda miji miwili tu, yote ina intaneti, hoteli na wahudumu waliozoea wageni, na mtakaa siku tisa. Laki moja hiyo ina kazi bora: iwe sehemu ya malipo ya mwongoza watalii mwenye kibali, nusu siku, pale Topkapı. Mtu aliye hai anajibu maswali, na nyie walimu mna maswali mengi. Ningekushauri tofauti kama mngekuwa mnakwenda mwezi mzima kwa mabasi hadi mashariki ya Uturuki, au vijiji vya milima ya Ethiopia. Huko mtandao unakatika, hoteli ni chache, na kitabu cha toleo la karibuni kinalipa gharama yake ndani ya siku mbili. Kuna pia toleo la kusomea kwenye simu, ambalo bei yake huwa chini kidogo. Kwa macho yako na kwa mapenzi yako ya karatasi, silioni likikufaa. Kupekua ramani ya kurasa mbili kwenye kioo cha simu ni adhabu.

Kitabu kizima cha nchi ni kizito, na mtu anayesimama katikati ya Sultanahmet amekifungua anajitangaza kwa yule mwenye brashi. Kwa hiyo fanya hivi. Soma na penseli mkononi. Kila utakachokipenda kiandike kwenye daftari kwa maneno yako, kwa mpango wa mitaa: vilivyo jirani vikae pamoja. Pembeni yake acha nafasi, kisha jioni moja keti na kijana, mthibitishe kila kimoja kwenye simu yake kama kipo, kinafunguliwa lini, kinatozwa nini. Atafurahi kuwa na kazi, na atajifunza. Halafu nenda kwenye duka lolote la steshenari mjini ukatoe fotokopi za kurasa za ramani, na umuombe mhudumu azikuze ziwe kubwa. Karatasi kumi hazina uzito, macho yako yatazisoma bila miwani ya pili, na zikilowa hulii. Andika pia jina na anwani ya hoteli kwa Kituruki kwenye kipande cha karatasi, kimoja mfukoni mwako, kingine kwenye pochi ya mkeo. Mkipoteana sokoni, yeye ampe dereva wa teksi.

Yako mambo ambayo kitabu, simu, na hata jibu langu hili haviyatoshi.

Viza: ulizia ubalozi wa Uturuki, Dar es Salaam, au kituo unachoelekezwa na ubalozi wenyewe, na mapema, siyo Novemba. Usimpe mtu wa kati pasipoti yako kwa ahadi. Masharti hubadilika, na anayeyajua ni anayeyatekeleza. Tazama pia pasipoti zenu zina muda wa kutosha. Ikiwa imebaki chini ya miezi sita, au inazidi hapo kidogo tu, nenda kwanza Uhamiaji.

Dawa za mama watoto: sura ya afya ya kitabu imeandikwa kwa mtu anayetoka Ulaya, haimjui yeye. Mpeleke kwa daktari wake, iwe hospitali ya Bombo au kwingineko anakotibiwa, wiki chache kabla ya safari. Mwambieni mnakwenda kwenye baridi kali, kwa maana baridi inaweza kupandisha presha, na mtatembea sana kwenye vilima. Aandike barua yenye jina la kitaalamu la dawa, siyo la kibiashara tu, na kipimo chake. Dawa ziwe za siku zaidi ya tisa, kwenye vifungashio vyake, ndani ya begi la mkononi. Kwa kuwa saa ni zile zile, atameza kwa muda wake wa kila siku. Akisikia maumivu ya kifua, kichwa kinachouma kupita kawaida, au kupooza upande mmoja, msisubiri asubuhi wala msitafute kwenye simu. Pigeni 112.

Na Konya, kata shauri la tarehe haraka. Kila Desemba, kilele chake tarehe 17, watu kutoka dunia nzima hukusanyika pale kuadhimisha kifo cha Mevlana Jalaluddin Rumi, mshairi na sufi aliyezikwa mjini humo mwaka 1273. Kama mnataka kuwepo, vyumba vya hoteli vinajaa, kwa hiyo wekeni nafasi sasa. Kama mnataka utulivu wa kuzuru kaburi bila msongamano, nendeni mapema mwezi huo. Sura fupi ya Konya kwenye kitabu chako huenda imeligusa hili. Isome.

Nimalizie na kijana, kwa sababu umemtaja na sitaki aondoke hivi hivi. Yeye ndiye anayekwenda kwenye nchi ambayo simu aliyoizoea haifanyi kazi ileile. China imefunga huduma za Google, WhatsApp, Facebook na Instagram. Laini ya Tanzania ikiwa na huduma ya kutumika nje mara nyingi huvipitisha, lakini gharama yake aiulize kwanza kwa kampuni yake, na akinunua laini ya huko atajikuta hana ramani ya Google wala hawezi kukupigia kwa WhatsApp. Programu za malipo na ramani zinazotumika China azipakue na kuzijaribu akiwa bado Tanga. Kwake yeye kitabu cha karibuni cha China, chenye majina ya mitaa, vituo na vyakula yamechapwa kwa herufi za Kichina, kina faida ya kila siku. Anamwonyesha dereva ukurasa kwa kidole, dereva anasoma, safari inaanza. Na atazame tarehe za maonyesho makubwa ya biashara ya Guangzhou, yanayofanyika majira ya Aprili na tena Oktoba, maana wiki hizo hoteli hupanda bei sana. Kama lengo lake ni mzigo wa kawaida wa dukani na siyo maonyesho, apishane nazo. Pesa ya safari, Mwalimu, ikibaki chochote mkirudi, mnunulie yeye kitabu hicho.